Mmea Unaposhinda kwenye Sahani

Chukua sahani ndogo ya plastiki yenye kimiminika cha rangi ya waridi. Chini yake seli za saratani ya ubongo zimeota na kujaza nafasi yote, zimebanana kama ukindu wa mkeka. Mtafiti anachukua ncha ya bomba la kupimia na kuchora mstari katikati. Anasuuza seli zilizobanduka, anapiga picha kwa hadubini, kisha anairudisha sahani kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37. Kesho yake anarudi. Katika sahani ambayo haikutiwa kitu, seli za kingo zote mbili zimetambaa hadi mstari unakaribia kuzibika. Katika sahani iliyotiwa kemikali ya manjano, mstari bado upo, mpana kama ulivyokuwa jana.

Wenyewe wanaliita jaribio la mkwaruzo. Ni rahisi, ni la bei nafuu, na picha zake humshawishi hata asiyejua sayansi. Makala nyingi zinazosema kwamba mmea fulani huzuia seli za uvimbe wa ubongo kujipenyeza zimesimama juu ya picha mbili za namna hiyo. Picha zikishatoka, haichukui muda kabla ya ndugu wa mgonjwa kupokea ujumbe kwenye simu: manjano yanatibu saratani ya ubongo, tuma kwa watu kumi.

Msimamo wangu nautaja mapema. Picha zile si za uongo. Seli kweli zilisimama. Ila sahani ile haifanani na ubongo wa mtu, na pengo lililopo kati ya viwili hivyo ndilo limezimeza takriban dawa zote zilizowahi kujaribiwa dhidi ya ugonjwa huu, za mimea na zisizo za mimea.

Ugonjwa wenyewe ni glioblastoma, saratani kali inayoongoza miongoni mwa zile zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima. Haina tabia ya saratani nyingine. Ni nadra kusafiri hadi kwenye ini au mapafu. Inabaki kichwani, lakini humo kichwani haikai mahali pamoja. Mwaka 1928 Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa Johns Hopkins huko Baltimore, alieleza jinsi alivyowatoa baadhi ya wagonjwa nusu nzima ya kulia ya ubongo. Walikuwa watu ambao upande mmoja wa mwili ulishapooza, hivyo aliona hakuna kikubwa cha kupoteza. Hata upasuaji wa kikatili kiasi hicho haukuuponya ugonjwa. Miaka kumi baadaye Hans Joachim Scherer, Mjerumani aliyefanya kazi Antwerp, Ubelgiji, alichunguza bongo za marehemu chini ya hadubini na kuonyesha njia ambazo seli hizi hupita: kandokando ya mishipa ya damu, ndani ya nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu za ubongo, chini ya utando wa juu, na kuizunguka seli moja moja ya fahamu. Njia hizo zinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Ndiyo maana daktari anapomwambia mgonjwa kwamba uvimbe umetolewa wote, maana yake umetolewa wote unaoonekana. Uvimbe ukirudi, mara nyingi mno hurudi ndani ya sentimita 2 za pale ulipokatwa, mahali ambapo siku ya upasuaji palionekana pazima. Tiba ambayo bado ni msingi ilitangazwa mwaka 2005 na Roger Stupp na wenzake baada ya kuwafuatilia wagonjwa 573: upasuaji, wiki 6 za mionzi, na vidonge vya temozolomidi. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao walifariki kabla ya miezi 12.1 kupita. Waliopata mionzi na vidonge walifika miezi 14.6. Miezi miwili na nusu, na dunia nzima ya madaktari iliipokea kwa shukrani. Huo ndio ukubwa wa shida, na ndiyo sababu simdharau mtu anayeuliza kuhusu manjano.

Seli inatembeaje? Inatoa mguu mbele, mguu huo unashika kwa vishikizo vya protini viitwavyo integrini, kisha mwili unavutwa. Njia ikiwa imeziba, seli inamwaga vimeng'enya vya kukata, hasa viwili vinavyojulikana kwa herufi MMP na namba 2 na 9, kama mtu anayefyeka kichaka kwa panga. Halafu inabaki kazi ngumu zaidi. Nafasi kati ya seli na seli ndani ya ubongo hupimwa kwa makumi ya nanomita, ilhali kiini cha seli ya saratani kina upana wa maikromita kadhaa. Seli hulazimika kusukuma chumvi na maji nje, inywee, ipite, kisha ijijaze tena upande wa pili. Panya wa nyumbani anayepita chini ya mlango anaielewa kazi hii.

Kila hatua katika hizo imeshapata mmea wake. Kukumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi, hupunguza vimeng'enya vya MMP kwenye sahani. Thimokwinoni ya habasoda hufanya hivyo pia, na hupunguza protini inayoisaidia seli kushika chini. Katekini za chai ya kijani, kwesetini ya vitunguu maji, resveratroli ya ganda la zabibu: zote zimeandikiwa makala, na karibu zote zimeshinda. Hapo ndipo msomaji makini anapaswa kuanza kushtuka. Ligi ambayo kila timu inashinda kila mechi ina tatizo kwenye uwanja.

Tuuangalie uwanja basi. Mbali na mkwaruzo, kipimo kinachotumika sana ni kikombe chenye sakafu ya tundu za maikromita 8, iliyopakwa utomvu mzito. Seli huwekwa juu, na baada ya siku moja huhesabiwa zilizofika chini. Utomvu huo umetokana na uvimbe wa panya na umejaa laminini na kolajeni. Ubongo hauna vitu hivyo kwa wingi ila kuzunguka mishipa ya damu; sehemu kubwa ya kilichomo kati ya seli zake ni asidi ya hayaluroni, kitu laini cha kuteleza. Kwa hiyo kipimo kinauliza kama seli inaweza kukata ukuta ambao njiani mwake haupo sana. Tena kuna hila ndogo inayowapita wengi: kemikali ikiwa sumu ya kutosha kuziua seli au kuzizuia zisizaane kwa saa 24, mkwaruzo hautazibika. Makala itaandika kwamba seli zilizuiwa kutembea. Maiti nayo haitembei.

Na seli zenyewe? Zinazotumika kuliko zote huitwa U87, zilitoka kwa mgonjwa huko Uppsala, Uswidi, katika miaka ya 1960. Mwaka 2016 watafiti wa hapohapo Uppsala walilinganisha vinasaba vya U87 inayosambazwa duniani na mabaki ya uvimbe wa mgonjwa yule wa awali. Havikulingana. Ni seli za saratani ya ubongo, ndiyo, lakini za mtu mwingine asiyejulikana. Hilo ni la kuchekesha kidogo. La kusikitisha ni kwamba U87 ikipandikizwa kwenye ubongo wa panya huota kama gololi, duara lenye mpaka safi, bila kujipenyeza kama glioblastoma ya mtu inavyofanya. Tafiti nyingi za kuzuia upenyaji zimefanywa kwa seli ambayo ubongoni haipenyi ipasavyo.

Nimeacha suala la kipimo cha dawa kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo manjano yanapoanguka vibaya zaidi. Kwenye sahani, kukumini huwekwa kwa kawaida kati ya maikromola 10 na 50. Mwaka 2001 watafiti wa Taiwan waliwapa wagonjwa wa saratani na wenye dalili za awali za saratani gramu 8 za kukumini kwa siku. Kilele cha wastani katika damu kilikuwa maikromola 1.77. Sasa nenda dukani. Kukumini ni takriban asilimia 3 ya unga wa manjano, kwa hiyo gramu 8 zinataka zaidi ya robo kilo ya manjano kila siku, mfuko ule ambao familia hupikia pilau na mchuzi kwa miezi. Ukiumaliza kwa siku moja, damu yako bado haijakaribia kiwango cha chini cha sahani. Na damu si ubongo.

Kukumini ina matatizo yake binafsi pia. Haitulii katika maji ya mwili, huungana na protini ovyo, na hung'aa chini ya mwanga kiasi cha kuvuruga baadhi ya vipimo, ikaonekana inafanya kazi ambayo haifanyi. Kathryn Nelson wa Minnesota na wenzake walipoipitia mwaka 2017 katika jarida la kemia ya dawa, waliona zaidi ya majaribio 120 kwa binadamu, na hakuna hata moja lenye kundi la kulinganisha, ambamo daktari wala mgonjwa hajui nani kapewa nini, lililofaulu. Nayapenda manjano. Nayaweka kwenye chakula, na yataendelea kukaa huko.

Ubongo una bawabu. Kuta za mishipa yake midogo ya damu zimeshonwa seli kwa seli bila mwanya, na zimewekewa pampu zinazokitema kilichoingia bila ruhusa. Dawa nyingi haziupiti ukuta huo. Historia inatoa mfano mchungu kwa wapenda mimea. Lile ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, lenye asili ya Madagaska na linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu, lilikuwa likinywewa kama dawa ya kisukari. Wachunguzi wa Kanada waliolifuatilia katika miaka ya 1950 waliona linashusha chembe nyeupe za damu, na humo zikapatikana vinblastini na vinkristini. Vinkristini imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Imo pia, kwa miongo mingi, katika mchanganyiko wa dawa tatu unaotumika kwa baadhi ya vimbe za ubongo, ingawa yenyewe huingia ubongoni kwa shida sana. Paklitakseli, iliyotoka kwenye gome la mti wa Marekani wa pwani ya Pasifiki, hukutana na pampu zilezile na kurudishwa mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba uvimbe huuharibu ukuta huo, hivyo dawa hupita. Ni kweli, katikati ya uvimbe. Lakini katikati ndipo kisu cha daktari kinapopita. Seli zilizojipenyeza zimekaa pembeni, katika ubongo mzima, chini ya ulinzi wa bawabu ambaye bado yuko kazini.

Mmea unaonivutia kuliko yote katika habari hii haumo kwenye jumbe za simu. Ni msunguti. Wanasayansi huuita Acokanthera, na Wawaata, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, walichemsha mti wake na kupata lami nyeusi ya kupaka mishale, mishale iliyoangusha tembo wa Tsavo. Mwaka 1888 mkemia wa Ufaransa, Léon-Albert Arnaud, alitoa kutoka kwenye mti huo kemikali aliyoipa jina linalotokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale: wabaini. Baadaye, mwaka 1957, Jens Skou wa Denmark aligundua pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu katika kila seli ya mwili. Wabaini ndiyo iliyothibitisha kwamba alichokishika ndiyo pampu hiyo, kwa sababu huiziba. Kazi hiyo ilimpa Nobeli mwaka 1997.

Kumbuka seli inayonywea ili ipite. Chumvi na maji yake vinategemea pampu hii. Watafiti wa Brussels, Florence Lefranc na Robert Kiss, walipendekeza kwamba pampu yenyewe ilengwe, kwa kuwa seli za glioblastoma huwa nayo nyingi na huitegemea katika kutembea. Maabara ya huko Ubelgiji ilitengeneza kemikali ya jamii hiyo kutoka mmea mwingine wa nchi kame, Calotropis procera, na ikafika hatua ya kwanza ya kujaribiwa kwa binadamu. Hoja hii ina mantiki kuliko ya manjano: shabaha inajulikana, na kemikali hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Mshale mmoja ulitosha kwa tembo.

Lakini kuna mtego, na nadhani unafaa kufundishwa kila mahali panapofundishwa dawa. Pampu ya panya ina tofauti ndogo ya umbo inayoifanya iwe sugu kwa wabaini mara mia kadhaa au zaidi kuliko ya binadamu. Mpandikizie panya uvimbe wa mtu, mpe wabaini: seli za mtu zinakufa, panya anaendelea kula. Matokeo yanaonekana kama muujiza, dawa inayobagua saratani na kuacha mwili mzima. Kilichobaguliwa ni mtu na panya. Moyo wa mgonjwa una pampu ya mtu, na ungesimama mapema. Yupo hata panya mkubwa wa manyoya marefu anayeishi Afrika Mashariki, Lophiomys, ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yenye sumu ubavuni. Mbwa anayemuuma hujuta. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, ni miongoni mwa waliolieleza jambo hili kisayansi. Laiti kila aliyesoma matokeo ya panya angemkumbuka panya huyo.

Mtu anaweza kusema basi kasoro ni ya mimea, tuachie kemikali safi za viwandani. Zilijaribiwa. Marimastati ilibuniwa kuviziba vimeng'enya vya MMP, vilevile ambavyo kila makala ya mimea hujisifu kuvipunguza. Katika jaribio la glioblastoma lenye kundi la kulinganisha haikurefusha maisha. Silengitidi ilibuniwa kuziba integrini. Wagonjwa 545 waliingizwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2014. Katika kundi lililopewa dawa hiyo juu ya tiba ya kawaida, nusu walikuwa hai baada ya miezi 26.3. Katika kundi ambalo halikupewa, miezi 26.3. Hata nukta haikusogea.

Naona sababu mbili. Seli ikizibiwa njia moja inashika nyingine. Asiye na panga hujinyonganyonga akapita. La pili linasemwa kwa nadra: mgonjwa anapofika hospitali na kichwa kinachouma, seli zimeshasafiri. Dawa ya kuzuia upenyaji inafunga zizi ng'ombe wakiwa porini. Huenda ikafaa kwa kuzizuia zisiende mbali zaidi, au kwa kuzifanya ziache kutembea na kuanza kugawanyika, ambapo mionzi huzipata vizuri. Hiyo ni kazi ya msaidizi. Haiwezi kupimwa kwa kuuliza kama uvimbe umepungua.

Je, mimea haina chake? Ninacho kimoja ambacho sikioni kikitajwa vya kutosha, nacho ni ubani. Mwaka 2011 madaktari wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 44 wenye saratani ubongoni waliokuwa kwenye mionzi. Baadhi walipewa miligramu 4,200 za ubani wa Kihindi kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Uvimbe wa maji kuzunguka saratani ulipungua kwa zaidi ya robo tatu kwa asilimia 60 ya waliopata ubani, dhidi ya asilimia 26 ya wenzao. Ubani huo ni ndugu wa ule wa Dhofar na Somalia tunaofukizia nyumba. Haukuzuia seli hata moja kutembea, na hakuna aliyedai hivyo. Ulipunguza maji, jambo ambalo kwa kawaida hutaka deksamethasoni, dawa inayovimbisha uso na kupandisha sukari. Hilo ni faida ya kweli, ndogo, iliyopimwa kwa watu. Huko Niterói, Brazili, Clovis da Fonseca amekwenda njia nyingine: perili alkoholi, kemikali ya harufu iliyomo kwenye lavenda na maganda ya jamii ya michungwa, wagonjwa wakaivuta puani ili kumkwepa bawabu. Wazo ni zuri. Kilichokosekana katika tafiti zake za mwanzo ni kundi la kulinganisha lililochaguliwa kwa kura.

Neno la pembeni kwa anayemuuguza mtu sasa hivi. Mwaka 2009 watafiti wa California walitaka kuona kama chai ya kijani itaongeza nguvu ya dawa ya saratani iitwayo bortezomibu, ambayo wakati huo ilikuwa ikichunguzwa pia dhidi ya glioblastoma. Katekini ziliishika dawa hiyo na kuizima. Seli za saratani zilinusurika. Kwa hiyo chochote kinachochemshwa nyumbani, daktari akijue, hata kama atakunja uso.

Wakati mwingine mtu hupata jibu kwa kuacha kubishana na kwenda kupima. Madaktari wa Frankfurt walifanya hivyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 13 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa glioblastoma walimezeshwa kukumini iliyotengenezwa maalumu ili inyonywe vizuri, mara tatu kwa siku, kwa siku 4. Kisha uvimbe uliotolewa ukapimwa. Kukumini ilikuwemo: wastani wa pikogramu 56 kwa kila miligramu ya nyama. Ukigeuza hesabu hiyo ni takriban maikromola 0.15, chini ya sehemu moja ya mia ya kiasi cha maikromola 20 kinachotumika mara nyingi kwenye sahani. Na nyama hiyo ilitoka katika uvimbe wenyewe, pale ukuta wa mishipa unapovuja. Ile sentimita 2 ya pembeni, zilikojificha seli zinazotembea, ilibaki ndani ya vichwa vya wagonjwa.